Dhahabu Iliyopotea Ndani ya Maji

Saa mbili asubuhi, Jumatatu tarehe 14 Machi 1938, masanduku ya zinki ya kunasia dhahabu yalifunguliwa katika mgodi mmoja karibu na Saza. Dhahabu iliyokutwa haikufika nusu ya iliyotarajiwa. Kufikia saa tatu Mika, mtunza masanduku, alikuwa ndani ya pingu.

"Nyapara Asajile alikuona ukifungua kufuli," alisema Sajini Amoni.

"Mimi?" Mika alimgeukia Barnaba, mpimaji wa maabara. "Barnaba, shemeji yako ananiangamiza!"

Asajile alikuwa amemwoa Roda, dada yake Barnaba, na ndiye aliyemtoa Barnaba kwao Isongole, karibu na mpaka wa Nyasaland, akamtafutia kazi.

"Sajini, usimpeleke Mbeya kwanza. Nipe mpaka saa kumi," alisema Barnaba.

Dhahabu iliyeyushwa kwa maji ya sumu katika matangi. Maji hayo yalipita kwenye pipa la mchanga kuchujwa matope, kisha yakaingia masandukuni, dhahabu ikanasa kwenye zinki. Barnaba alichota chupa tatu: moja kabla ya pipa, moja baada ya pipa, moja baada ya masanduku.

Saa sita Asajile alichungulia maabara. "Shemeji, kesho panda lori la Isongole. Kuna gunia jingine la mkaa la kumpelekea mama yako."

"Asante, shemeji."

Saa nane majibu yalikuwa tayari. Maji ya chupa ya kwanza yalikuwa na dhahabu yote iliyotarajiwa. Ya pili ilibaki na theluthi yake. Ya tatu haikuwa na kitu.

"Zinki imekamata kila kilichoifikia," Barnaba alimwambia sajini. "Mika hakuiba."

"Basi bomba linavuja."

"Maji hayapungui, afande. Inayopungua ni dhahabu tu, na inapungua pale kwenye pipa."

"Nani hulifungua?"

"Nyapara peke yake, anapobadilisha mchanga."

Walifukua. Chini ya mchanga, kina cha kiganja, kulikuwa na mkaa uliopondwapondwa. Barnaba aliuosha, akauchoma, akayeyusha majivu yake tanuruni. Ikabaki punje ya njano, ndogo kama ulezi.

"Mkaa huinyonya dhahabu kwenye maji haya," alisema polepole. Kisha akakumbuka magunia ya mkaa aliyompelekea mama yake.

Saa kumi Asajile aliletwa. Alipoiona punje, hakubisha.

"Miaka tisa nawachujia," alisema. "Mwaka jana walimleta kijana wa Kizungu awe mkubwa wangu, na mimi ndiye ninayemfundisha kazi!"

"Na Mika kakukosea nini?" aliuliza Barnaba.

"Ilibidi apatikane mtu."

"Na yale magunia niliyobeba?"

"Mnunuzi alivuka kutoka Nyasaland, akachukua gunia lenye dhahabu na kumwachia mama la mkaa wa kawaida. Mama hajui kitu." Asajile aliinamisha kichwa. "Nani angekupekua wewe, unampelekea mama yako mkaa?"

"Nilikuombea kila Jumapili, shemeji," alisema Barnaba.

Pingu zilitoka kwa Mika zikaingia kwa Asajile. Barnaba aliomba kalamu, akaandika kwamba yeye mwenyewe alibeba magunia mawili, Januari na Februari. Sajini aliisoma karatasi, akaikunja.

"Usitoke Saza mpaka nikuite."

Barnaba alikwenda moja kwa moja kwa Roda, kabla habari haijamfikia. Alimkuta anachambua maharage.

"Mbona uso wako hivyo? Mume wangu kapatwa na nini?"

Barnaba alikaa chini mbele yake. "Dada," alisema, "ni mimi niliyemkamatisha."