Niliusemea Mto wa Wakwe, Nusura Nimkose Lavinia

"Kaa chini, shemeji," Lavinia aliniambia kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukisikia.

"Sikai. Miaka ishirini wakubwa wetu wanalala hoteli za Vancouver wakijadiliana na serikali, wanaturudishia mkataba wa asilimia tano ya ardhi yetu ya asili. Na mto alikokuwa akikamua mafuta ya samaki marehemu mke wangu uko nje ya mstari wa mpaka. Nani kawaruhusu?"

Wengine walipiga makofi. Lavinia, binamu wa marehemu, ndiye aliyeshika ramani. Ndiye pia aliyekubali kuolewa nami baada ya miaka minne ya kula peke yangu.

Mjomba wao Reuben, mzee wa ukoo wao, akachukua kofia yake akatoka. Ukoo wote nyuma yake.

Nikapata ujumbe wa Lavinia: "Harusi haipo."

Nikampigia.

"Mimi niliwasema wakubwa, Lavinia, sio wewe."

"Uliusemea mto wa nani?"

"Wa mke wangu."

"Wa ukoo wa mke wako. Wewe mkwe, Elmer. Mkwe analeta kuni, anabeba samaki. Mto anausemea mjomba."

"Mbona alikaa kimya?"

"Alikuwa anangoja zamu, mwanaume wewe. Alikuwa na hoja hiyo hiyo. Sasa akisimama ataonekana anafuata mkia wa mkwe wake. Kura ya mkataba ni Jumamosi, na mto unaondoka kwa sababu yako."

"Kwa hiyo kosa langu, sio la waliochora mstari?"

"La kwao walikuwa karibu kuulizwa. Dakika tano tu ungefunga mdomo."

Akakata simu.

Alhamisi walikutana tena. Nikaingia na mablanketi, sukari na samaki wote wa kwenye friza, nikamgawia kila aliyenisikia, kama mila inavyomtaka anayefuta maneno yake. Hata mkuu wa mazungumzo, mmoja wa wale wakubwa wa Vancouver, na viatu vyake vya ngozi. Alichagua blanketi zuri kuliko yote.

"Nilisemea mto usio wangu," nikasema. "Maneno yale nayafuta."

Reuben akasimama taratibu.

"Sasa nisikilizeni mimi," akasema.

Akayasema yale yale niliyosema, ila na majina ya bibi zao wote. Mkuu wa mazungumzo akaandika mpaka jasho likamtoka. Kura ikaahirishwa, mstari ukasogezwa, mto ukaingia. Mimi hakuna aliyenishukuru.

Jioni ile Lavinia alinikuta nje ya ukumbi.

"Utapiga kura gani?"

"Hapana. Asilimia tano ni tusi."

"Mimi ndiyo. Nimechoka kungoja."

"Najua."

"Na bado unanitaka?"

"Ningekuwa sikutaki ningempa yule bwana blanketi langu?"

Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Mkataba ulipita. Harusi ikafuata, na wakubwa wote wakaalikwa, Lavinia hakusikia la mtu. Niliwapakulia mimi mwenyewe, sahani kwa sahani, mdomo nimeufunga. Kwenye ukoo ule, mkwe ndiye anayepakua.