Tumbawe Lililopauka

Kila siku akirudi shuleni, Lulwa alipitia kwanza barazani kwa baba yake, chumba kikubwa cha kupokelea wageni, ambamo tangi la kioo la matumbawe lilikuwa limesimama ukutani. Alikwangua kioo, akapima chumvi, akaongeza maji yaliyopungua. Hapo ndipo alipokwenda kula.

Tangi lilikuwa la mjomba wake, Mishari, aliyehamia nyumba ndogo ya ghorofani, upande wa pili wa jiji la Kuwait, akakosa pa kuliweka.

"Tumbawe hili la waridi nililipata likiwa dogo kama kidole," alimwambia siku alipolileta. "Nimelilea miaka sita. Likifa, sina jingine. Nakuamini, Lulwa."

Kila Jumatatu jioni baraza lilijaa wageni. Jumatatu moja, Lulwa akipitisha sahani ya tende, jirani yao Bu Rashid, mtu wa maneno ya kuchoma, alilitazama tangi akaguna, akamgeukia baba yake Lulwa.

"Bu Hamad, hili ni tangi au pango? Washa taa bwana, mgeni aone anachotazama!"

Wageni wakacheka, na baba naye akacheka. Lulwa hakucheka. Aliona haya hasa, kwa kuwa nyumba yao haikuwahi kusemwa kuwa imemnyima mgeni kitu. Kesho yake alichukua simu iliyounganishwa na taa ya tangi, akapunguza buluu, akapandisha nyeupe mpaka mwisho. Tangi likang'aa mpaka nje kibarazani.

"Haya, sasa ndiyo mambo!" alisema Bu Rashid Jumatatu iliyofuata, na Lulwa akavimba kichwa.

Siku kumi hazikupita, tumbawe la waridi likaanza kupauka. Lulwa hakuelewa. Si mwanga ndio unaostawisha? Labda bado haujatosha! Akaongeza saa mbili za kuwaka. Tumbawe likazidi kupauka, ncha zake zikawa nyeupe kama chumvi. Aliwaza hadi kichwa kikamuuma, kisha akampigia mjomba.

Kabla mjomba hajafika, aliirudisha taa kama ilivyokuwa zamani. Hakutaka kugombezwa kwa kugusa kisichomhusu. Tena taa haiwezi kuwa na kosa, alijiambia.

Mjomba Mishari alipima maji mara mbili.

"Chumvi sawa. Joto sawa. Umegusa taa?"

"Hapana, mjomba," ulimi wa Lulwa uliwahi.

Mjomba akajikuna kichwa. Alichungulia pampu, akanusa chakula cha samaki, akapima maji mara ya tatu. "Haya mambo gani tena? Sioni kosa lolote!" Mwishowe akachanganya dawa kali kwenye ndoo. "Labda ni wadudu. Nitalichovya humu. Kama bado lina nguvu, litapona. Kama halina, basi tena."

Akalitoa tumbawe majini. Lulwa aliudaka mkono wa mjomba juu ya ndoo.

"Mjomba, usilichovye! Taa niligusa! Niliiwasha mpaka mwisho, wiki mbili, kisha nikairudisha usijue!"

Mjomba alilirudisha tumbawe tangini polepole, akaketi kwenye mto.

"Kumbe," alisema. "Dawa ile ingelimaliza. Sikiliza, mwanangu. Ndani ya tumbawe mna mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Ndiyo inayolilisha na kulipa rangi. Mwanga ukizidi ghafla, tumbawe huifukuza, likabaki jeupe na lenye njaa."

"Na mwanga ukiwa kidogo mno?"

"Aghalabu hugeuka kahawia. Hapo unaongeza, lakini kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Na buluu usiidharau, kwa maana huko chini baharini ndiyo inayofika zaidi. Taa huchaguliwa kwa ajili ya anayeishi ndani ya tangi, si kwa anayelitazama."

Walipunguza mwanga pamoja, hata chini ya ule wa zamani, ili tumbawe lipumzike. Jumatatu ilipofika Bu Rashid akapiga kelele, "Pango limerudi!"

"Samahani, ami, taa hii ni ya matumbawe," alisema Lulwa. "Wewe nikuletee tochi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Bu Rashid alicheka kuliko wote.

Wiki ya nane, rangi ya waridi ilianza kurudi kwenye ncha. Lulwa alimwita mjomba, naye akalitazama tumbawe kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga.

"Kosa la taa lilikuwa dogo," alisema. "Ungeniambia, ningelitengeneza kwa dakika moja. Uongo wako ndio uliotaka kuliua tumbawe, na mkono ungekuwa wangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtu anayetaka kukusaidia akikuuliza swali, Lulwa, mpe ukweli wote."