Kadi Aliyoifungia Swabir

"Uliitazama?"

Hafsa hakutoa hata salamu. Alisimama mlangoni mwa studio ya Swabir pale Kona ya Musa, buibui limejaa vumbi la safari ya kutoka Msambweni.

"Waalaikum salaam," Swabir akamjibu kwa kumchokoza. "Keti kwanza, Hafsa."

"Nakuuliza, uliitazama?"

Kisa chenyewe kilianzia kwenye harusi ya dada yake Hafsa. Siku ya kupamba, sherehe ya wanawake watupu, mwanamume haingii, na simu hukusanywa mlangoni, basi Swabir akawaazima kamera yake, Hafsa akawa mpigaji. Wanawake walivua mabuibui wakacheza, na aliyecheza kuwashinda wote ni Bi Mwanapili, mamake Hafsa. Kamera ikarudishwa na kadi ya kuhifadhia picha ikiwa ndani. Haukupita muda mrefu, Bi Mwanapili akafariki, na sauti yake haikubaki popote ila humo.

Hafsa aliogopa kuifuata. Huenda imefutwa, au, vibaya zaidi, imetazamwa. Akaacha hata kupokea simu za Swabir, na kijana wa watu alikuwa ameshapeleka posa. Jibu lilikuwa kwa mama, na mama ndiye huyo kaondoka.

Swabir alifungua mtoto wa meza akatoa bahasha iliyogandishwa kwa gundi.

"Niliitoa siku ile ile. Nikanunua nyingine ya kazi."

Hafsa aliigeuza bahasha mikononi, akaona haya.

"Sasa itaingiaje kwenye simu? Mimi sijui."

"Utahamisha mwenyewe. Mimi nitakuelekeza."

Akaugeukia ukuta, akampa mgongo kama mtoto aliyeadhibiwa. Akamwambia atie kadi kwenye kamera, awashe waifai yake, kisha aiunganishe na simu kwa programu ya kamera. Picha zikaja moja moja. Video ikagoma kwa uzito. Swabir akanyoosha mkono nyuma, macho bado ukutani, akampa kifaa kidogo cha kusomea kadi.

"Chomeka hiki kwenye simu, utie kadi. Chagua video, unakili. Usichomoe mpaka imalize."

Ilipomaliza, Hafsa akaifungua. Mama huyo, anacheka, leso kiunoni. Hafsa alilia kwa furaha. Halafu ikafika sehemu asiyoijua, pale alipomwachia binamu yake kamera akaenda kumtengeneza bibi harusi. Aliitazama, akairudisha nyuma, akailaza simu kifudifudi mezani.

"Geuka, Swabir. Sikiliza tu."

Sauti ya Bi Mwanapili ikajaza studio:

"Kamera hii mwenyewe ni Swabir. Kijana ana adabu. Hafsa wangu akimtaka, mimi radhi. Mwambieni babake."

Swabir alikaa chini.

"Allah amrehemu. Nitamshukuru vipi, naye hayupo?"

"Wa kushukuru ni mimi," Hafsa akasema. "Umenirudishia mama yangu, na stara yake umeilinda. Ahsante, Swabir. Nisamehe kwa kukudhania."

Alimpelekea babake ile sauti peke yake, na kadi akamwachia Swabir aendelee kuitunza. Jioni mzee akajibu kwa ujumbe: "Nimemsikia mama yako. Nimelia, nimeshukuru. Wazee wa Swabir waje."

Siku ya kufunga ndoa, Hafsa aliulizwa anataka mahari gani. Mashangazi walikuwa wameshamfundisha ataje dhahabu.

"Nataka ile kadi," akasema.

Swabir alikuwa amekuja nayo mfukoni, ndani ya bahasha mpya, imegandishwa kwa gundi.