Mzee Saulo Akagua Wodi

Mwaka 1956, katika vilima vya Tukuyu, kusini mwa Mbeya, Juliana alimaliza shule ya kati. Alisoma vizuri na hakuogopa damu. Kaka yake alipojikata kwa shoka, yeye ndiye aliyemfunga jeraha, huku wengine wakipiga kelele tu.

Asubuhi moja alikuwa uani akimenya ndizi. Baba yake, Ambrosi, alikuwa akianika kahawa. Mgeni akabisha hodi. Alikuwa Rozalia Kalinga, nesi kutoka Iringa, aliyetumwa na hospitali ya misheni kutafuta wasichana wa kusomea uuguzi.

"Kamwene!" alisalimu.

Ambrosi alicheka. "Hiyo ni salamu ya kwenu Iringa. Sisi husema mwagonile. Karibu, Bibi Nesi. Kaa."

Rozalia alikaa, akaeleza. "Tunamtaka msichana aliyemaliza shule ya kati, mwenye afya na moyo wa kazi. Atasoma miaka mitatu, darasani na wodini. Atalala bwenini, chini ya uangalizi wa Matroni. Chakula na sare atapewa."

"Nitakwenda!" alisema Juliana kabla hajaulizwa.

Wakati huohuo Mzee Saulo aliingia uani, asimtambue Juliana aliyekuwa amempa mgongo. Juliana alikuwa mchumba wa mwanawe, Tadeo, na ng'ombe wa mahari walikwisha kuletwa. Rozalia aliponong'onezwa hayo na Ambrosi, alifurahi.

"Vema! Juliana, njoo umsalimie baba mkwe."

Juliana alijifunika kanga usoni. Sinia la ndizi likapinduka. Kufumba na kufumbua, amepotelea migombani. Mzee Saulo naye alikuwa amegeukia ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Nimekosea nini?" Rozalia aliuliza.

"Kwetu Wanyakyusa," alijibu Ambrosi, akijizuia kucheka, "mke wa mtoto haonani na baba mkwe, wala hawasemezani. Ndiyo heshima yetu."

Mzee Saulo, aliyekuwa amesikia habari za uuguzi tangu njiani, aligeuka. "Umeona, Bibi Nesi? Hapa kuna migomba. Huko hospitali, nikiletwa mgonjwa, atakimbilia wapi? Au nikimbie mimi, na homa yangu? Asiende. Akienda, ng'ombe wangu warudi."

Hamu ya kucheka ikamwisha Ambrosi. Tadeo alikwisha kumwahidi Juliana kwamba akipata masomo atamngoja, lakini Ambrosi asingeweza kumpuuza Mzee Saulo. Na darasa lilikuwa karibu kuanza.

"Nisamehe, Mzee," Rozalia alisema kwa upole. "Sikuijua desturi yenu. Sasa unisikilize. Wodi ya wanaume ina wauguzi wanaume. Wasichana wetu huanza na wanawake na watoto. Mwanafunzi akiona mkwe wake ameletwa, humwambia Matroni, naye humpanga mtu mwingine."

"Na kama hayupo mtu mwingine? Mimi niko mahututi, yeye yuko peke yake?"

Rozalia hakutaka kumdanganya. "Hapo atakuhudumia, Mzee. Hatakuacha ufe."



"Nikiwa mahututi nitakuwa nimefumba macho," alisema Mzee Saulo. "Basi sitakuwa nimemwona."

"Naye tutamwambia asikuamshe!" alidakia Ambrosi.

Wote wakacheka, hata mama yake Juliana aliyekuwa jikoni. Lakini Mzee Saulo aliinua kidole. "Sijakubali bado. Nataka kuiona wodi hiyo kwa macho yangu."

Siku ya pili yake walipanda lori la kahawa, yeye, Ambrosi na Rozalia. Hospitalini Mzee Saulo alitembea wodi nzima ya wanaume. Aliwatazama wauguzi mmoja mmoja. Alimwuliza mgonjwa mmoja, "Nani anakuogesha?"

"Yule kijana mwenye ndevu."

"Hakuna mwanamke?"

"Laiti angekuwapo! Mikono ya huyu ni kama randa."

Mzee Saulo aliridhika kabisa. Jioni alimwambia Ambrosi, "Mwambie mtoto afunge mizigo. Ng'ombe watabaki kwako."

Juliana alisoma, akafaulu, akaolewa na Tadeo. Leo anafanya kazi katika wodi ya wazazi. Wanawake wa vilimani, waliokuwa wakijifungulia nyumbani bila msaada, sasa huja mapema, kwa sababu wanamfahamu anayewapokea.

Rozalia bado huja kutafuta wanafunzi, ila siku hizi hazunguki nyumba kwa nyumba. Safari iliyopita alimkuta Mzee Saulo barabarani akimngoja, pamoja na wasichana wawili na baba zao.

"Hawa wamemaliza shule, na damu hawaiogopi," alisema Mzee Saulo. "Wachukue bila wasiwasi. Baba wakwe zao nimekwisha kuwapeleka wodini mwenyewe."