Vanishi Kwenye Banda la Kuku

Seremala wa mtaa wetu hakuwahi kutoa kazi yenye ukwaruzo. Ukipitisha kiganja juu ya kabati lake, hakikwami popote. Mtaa mzima ulimsifu kwa hilo, naye alijisifu kuliko mtaa mzima.

Mkewe alinunua kuku kumi na wawili wa kutaga. Akamwomba mumewe atengeneze vichanja, yaani mbao za kulalia kuku. Fundi akajifunga kibwebwe. Alichagua mbao nyembamba. Akazipiga randa, akazipiga msasa, akazipaka vanishi mara mbili. Akazipanga kama ngazi. Viota vya kutagia akavitundika juu kabisa, kwa sababu vilipendeza pale.

"Kuku wako watalala kifalme," alijigamba.

Wapi! Jioni kuku walipanda, wakateleza, wakaanguka. Wachache walipigania ubao wa juu. Wengine wakaingia kulala viotani. Asubuhi mayai yalikuwa yamejaa kinyesi.

Mpishi wa shule ya jirani alikuwa amekubali kuchukua mayai yote. Alipoyaona, aliyarudisha.

"Siwezi kuwapa watoto wa watu mayai haya, mama. Nakupa wiki mbili. Yakija machafu tena, natafuta kwingine."

Mke alirudi nyumbani macho yamemwiva. Hii ilikuwa kazi yake mwenyewe ya kwanza. Aliitamani miaka mingi.

"Baba watoto, vichanja vyako vitaniangusha."

"Vichanja havina kosa. Hawa kuku wako ni washamba."

Mke akatoka nje. Alikwenda kumwita jirani yao, afisa mifugo mstaafu. Watu humwita Mama Mifugo. Aliingia bandani, akapitisha kidole kwenye ubao, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, hapa unaweza kumkaribisha waziri! Lakini kuku hulala ameshika ubao kwa miguu. Kwenye kioo hiki atashika nini?"

Fundi akanuna. "Kwa hiyo nifanye kazi mbovu?"

"Fanya kazi ya kuku. Tafuta ubao wa upana wa vidole vitatu. Upande bapa ukae juu, ili kuku aikalie miguu yake, ipate joto. Ondoa vibanzi na makali ya pembeni, basi. Vanishi waachie wenye makochi."

"Na ngazi yangu?"

"Ivunje. Kila kuku anataka kulala juu. Watagombana, na wa juu watawachafua wa chini. Weka mbao mbili, zote kimo cha meza. Kila kuku mpe shibiri moja na kidogo. Acha shibiri mbili kutoka ukutani, na mbili kati ya ubao na ubao. Chakula na maji visikae chini ya mbao."

"Na viota?" mke akauliza.

"Vishushe mpaka kimo cha goti. Kiota kikiwa juu ya kichanja, kuku atalala humo, na anapolala ndipo anapochafua. Siku za kwanza vizibe jioni, ufungue alfajiri. Watazoea."

Fundi alifanya kazi amefunga geti, wateja wasimwone. Mara tatu mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye msasa laini. Mara ya tatu mkewe alimnyang'anya, akaukalia.

"Nirudishie! Kidogo tu!"

"Sikupi. Piga misumari, mbao zisicheze."

Jioni ya kwanza kuku wawili wabishi walizunguka wakitafuta viota. Mke akawabeba mmoja mmoja, akawaweka juu ya ubao. Jioni ya nne hakubeba hata mmoja. Kuku wote kumi na wawili walipanda wenyewe na kujipanga, sita huku na sita kule. Fundi alisimama mlangoni muda mrefu.

"Hawatelezi," alisema taratibu. Alifurahi, na hakuficha.

Wiki mbili zilipotimia, mke alipeleka mayai shuleni. Mpishi aligeuza yai moja, akageuza la pili, akaenda nalo dirishani kwenye mwanga.

"Haya ni ya kuku walewale?"

"Walewale. Aliyefunzwa ni fundi wao."

Mpishi akacheka. "Basi niletee kila wiki."

Mke akashika njia na trei tupu mkononi. Hakupita njia ya mkato. Alipita barabara kubwa, yenye maduka na watu, akitembea polepole ili kila mtu aione.