Kadi Iliyobaki Mlimani

Bibi Hedwiga wa Myamba ana sanduku la bati. Ni la zamani, rangi yake imebanduka, na ufunguo wake hamwachii mtu. Ndani mna vitu vya heshima: cheti chake cha ndoa, kadi ya kliniki ya mjukuu wake Asteria, na gauni dogo la maua mekundu. Gauni hilo halijavaliwa hata siku moja.

Kila mwaka mvua za vuli zikikaribia, mwanawe Clemence na mkewe Devotha huteremka tambarare, upande wa Makanya, kulima mahindi. Hukaa huko hadi mavuno. Katika familia hii, anayeteremka huchukua jembe, sufuria na blanketi. Vitu vya heshima hubaki mlimani, maana kule chini kuna mchwa na vumbi. Wazee walifanya hivyo, nao wanafanya hivyo. Basi mwezi wa kumi Devotha aliondoka na Asteria mgongoni, na kadi ikabaki sandukuni. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano.

Bibi akabaki na ukungu wake, makande yake na kumbukumbu zake. Asubuhi alikaa jikoni karibu na moto, akafikiria watu wa zamani. Kwa maneno yake, enzi zile hata baridi ya Myamba ilikuwa baridi kweli. Ya siku hizi ni ya kuazima.

Mwezi wa kwanza Clemence alipiga simu. Alisema surua imeingia kitongoji cha jirani, na watoto watatu wamelazwa. Devotha alikuwa na wasiwasi. Bibi akamtuliza mara moja.

"Mwambie mama Asteria asihangaike. Mtoto alichomwa sindano ya surua akiwa na miezi tisa. Mimi nilichanjwa ndui mara moja tu, na kovu ninalo mpaka leo."

Kovu analo kweli, mkononi, karibu na bega. Huwaonyesha watu kovu hilo kama askari anavyoonyesha nishani.

Kesho yake alikuja Gideoni, mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa akipita nyumba zote zenye watoto wadogo. Alimwamkia Bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kabla ya kusema neno jingine akawekewa bakuli la makande. Alikula kwanza. Kisha akaomba kuona kadi ya Asteria.

Bibi alifungua sanduku. Gideoni akapitisha kidole kwenye kadi, akafika mahali patupu.

"Bibi, hapa pana sindano moja haijachomwa. Surua huchanjwa mara mbili, miezi tisa na miezi kumi na minane. Ilipofika ya pili, Asteria alikuwa ameshateremka."

Bibi alicheka, akauliza kama dawa za siku hizi zimekuwa legevu kiasi hicho.

Gideoni naye alicheka, lakini alimjibu taratibu. Alisema ndui ni ugonjwa mmoja na surua ni mwingine, na kila chanjo ina utaratibu wake. Chanjo ya ndui ndiyo ya kwanza kabisa. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, huko Uingereza, watu waliona kwamba wakamuaji waliowahi kuambukizwa ndui nyepesi ya ng'ombe hawakupata ile kali ya watu. Daktari mmoja akaijaribu njia hiyo. Baadaye chanjo ilienea duniani kote, mpaka ndui ikaisha kabisa. Ndiyo maana watoto wa leo hawana kovu la chanjo ya ndui kama la Bibi.

Alieleza pia kwamba chanjo si za aina moja. Nyingine, kama ya surua, zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Nyingine zina vijidudu vilivyouawa. Nyingine zina kipande tu cha kijidudu. Zote hufanya kazi ileile: huufundisha mwili kumjua adui kabla hajafika.

"Lakini si kila mwili hushika somo siku ya kwanza," alisema Gideoni. "Kati ya watoto mia waliochomwa wakiwa na miezi tisa, kama kumi na watano hawapati kinga. Ya pili huwasaidia hao. Hatujui Asteria yuko upande gani."

Bibi aliacha kucheka. Alilitoa lile gauni, akaliweka mapajani.

"Hili lilikuwa la mdogo wangu, Ernesta. Mama alimshonea la Krismasi. Alikuwa anatimiza miaka mitano. Surua ilipomshika, tulimfungia ndani, tukafunika dirisha, tukangoja itoke yenyewe. Kijijini hapakuwa na sindano ya surua wakati ule. Tulilala kitanda kimoja, mimi nikapona, yeye hakupona."

Miaka zaidi ya sitini imepita, na bado alilia. Gideoni hakumharakisha.

Halafu akampigia Devotha simu. Devotha alisema hakuenda zahanati ya chini kwa sababu kadi ilikuwa mlimani, tena alidhani mtoto aliyeanza kliniki Myamba lazima amalizie Myamba. Gideoni akamwambia chanjo ni ileile kila zahanati, na kuchelewa si sababu ya kuacha. Hata asiye na kadi aende. Devotha akasita. Alisema mama amesema moja inatosha.

Bibi aliichukua simu. Kukubali kosa mbele ya mkamwana si jambo alilolizoea.

"Devotha, nilikosea. Mpeleke mtoto kesho asubuhi. Na kadi ninaileta mwenyewe."

Alikuwa hajateremka tambarare kwa miaka sita, kwa sababu ya maumivu ya magoti. Kesho yake aliteremka, kadi imefungwa ndani ya khanga. Aliwakuta zahanati kwenye foleni, nyuma ya Naeku, jirani yao mfugaji. Watoto wa Naeku walikuwa wamemaliza chanjo zote isipokuwa huyo mdogo aliyekuja naye, na kadi zao zilikuwa ndani ya mfuko mmoja wa nailoni. Mfuko huo huhamia kila kambi pamoja na ng'ombe. Devotha aliutazama sana.

Asteria alichomwa, akalia, akapewa ndizi, akanyamaza. Usiku alipata homa kidogo, kama muuguzi alivyowaambia, na asubuhi ikaisha.

Mwezi uliofuata surua ilifika kitongojini kwao. Iliingia nyumba ya kushoto na nyumba ya kulia. Kwa Devotha haikuingia.

Mavuno yalipokwisha, walipanda mlima wote. Kadi haikurudi sandukuni. Sasa hukaa ndani ya mfuko wa nailoni, na huteremka pamoja na jembe, sufuria na blanketi.

Siku waliyofika Bibi alimpima Asteria lile gauni. Lilimfika miguuni. Akalikunja, akalirudisha sandukuni.

"Bado," alisema. "Linamngoja atimize miaka mitano."