Upande wa Karibu

"Ahsante," sauti ilisema nyuma yake.

Mama Kipengo aligeuka. Hakukuwa na mtu ila binti yake, Kipengo mwenyewe, kajilaza kwenye kiti cha wagonjwa anatafuna biskuti, na pengo lake la mbele, alilolipata jino lilipong'oka juzi, liko wazi kama mlango. Nyumbani hakukuwa na wa kumwangalia akitoka shule, basi alikuwa akishinda kazini kwa mama.

"Umesema nini, mwanangu?"

"Mimi? Sijasema kitu."

Mama Kipengo alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, na siku hiyo alikuwa akiiandaa programu mpya ya kuchora meno ya wagonjwa. Kila jino lina pande zake, na kila upande sharti upewe jina: wa shavuni, wa ulimini, wa kutafunia, ulio karibu na katikati ya kinywa, na ulio mbali nayo. Nafasi ya kuandikia ilikuwa finyu, naye akafupisha. Karibu. Mbali. Kwa majaribio alikuwa amefungua faili la mwanawe na kuanza na upande wa karibu, jino baada ya jino, akisoma kwa sauti asije akaruka.

"Karibu," alisema tena akibofya. "Karibu. Karibu."

"Unamkaribisha nani huko?" daktari alimtania kutoka kwenye sinki alikokuwa akiosha koleo. "Na mgonjwa mwenyewe leo hakuna hata wa dawa!"

Mama Kipengo akacheka, akaendelea. Alipolimaliza jino la mwisho, harufu ya mafuta ya karafuu waliyoizoea mle chumbani ilikatika ghafla, ikaja nyingine, ya udi na nywele zilizoungua.

"Mama," Kipengo alinong'ona. "Nani huyu ananipapasa meno?"

Mama Kipengo aligeuka. Kiti kilikuwa kinashuka chenyewe, taratibu, bila mguu wa mtu kwenye pedali, mpaka kichwa cha mtoto kikawa chini kuliko miguu, na midomo yake ikavutwa pembeni na vidole visivyoonekana, na ingawa kinywa kilikuwa kimeachama wazi kabisa, meno yalisikika yakisagana, krr, krr, kana kwamba ndani ya kinywa kile kulikuwa na kinywa kingine.

Koleo lilimponyoka daktari. Alizoea kujigamba kwa mzaha kwamba yeye ni mganga wa meno, mjukuu wa mganga wa majini. Leo hakutania.

"Bibi alisema jini haingii mpaka akaribishwe," alinong'ona. "Dada, wewe umemkaribisha kinywa kizima."

"Nifanye nini, daktari? Mwanangu huyo!"

"Umemkaribisha wewe, umfukuze wewe. Neno lile jingine! Haraka!"

Mama Kipengo alirudi kwenye kompyuta, akabofya upande wa pili wa kila jino, "Mbali! Mbali! Potelea mbali!", machozi yakimziba macho, na kila alipolitaja neno kile kinywa cha pili kilisaga kwa nguvu zaidi na mtoto akalia kwa kukoroma, naye hakuthubutu kutazama nyuma, alibofya tu na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka na meno yakaisha.

Kimya. Kiti kikasimama. Harufu ya karafuu ikarudi.

Alimkimbilia binti yake akamkumbatia. Alikuwa na joto lake lilelile, ametulia. Furaha ilimjaa mama.

"Basi, mwanangu. Kaenda. Kaenda zake."

Ndipo alipoisikia, nyembamba, kana kwamba inatoka nyuma ya kuta nyingi na barabara nyingi, sauti anayoijua kuliko zote duniani.

"Mama! Mbona umenipeleka mbali?"

Mtoto aliyekuwa kifuani pake akainua uso, akatabasamu. Hakuwa na pengo.

"Ahsante," alisema.